Thomas Fountain Blue wa Louisville: mkutubi aliyegeuza tawi la waliotengwa kuwa chuo

Swali la msomaji: "Mimi ni mkutubi msaidizi hapa Nairobi. Najua kwamba Maktaba ya McMillan, tangu ilipofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa miaka mingi. Katika kusoma habari za maktaba za Marekani nimekutana na jina la Thomas Fountain Blue, ila kila mahali anapewa mstari mmoja tu, kwamba alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza maktaba ya umma. Naomba kuelezwa alifanya kazi gani hasa. Na je, mtu anayekubali kuongoza maktaba iliyotengwa kwa misingi ya rangi hajaubariki utengano huo?"

Jibu:

Swali lako la pili ndilo zito, nami sitalikwepa. Hata hivyo halijibiki kwa haki mpaka tuujue mji aliofanyia kazi Blue, sheria alizozikuta na watu waliomtangulia, kwa sababu hakuna aliyemwekea mezani maktaba iliyo wazi kwa wote akaikataa. Alichowekewa ni maktaba iliyotengwa, na nje ya hiyo hapakuwa na maktaba yoyote ya umma ambayo watu wake wangeweza kuingia.

Louisville ndio mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Kentucky, nao umekaa ukingoni mwa mto Ohio. Zama za utumwa mto huo ulikuwa mpaka: ng'ambo ya kaskazini, katika jimbo la Indiana, utumwa ulikatazwa, na upande wa kusini binadamu aliuzwa na kununuliwa kama mali. Kentucky haikuufuta utumwa kwa hiari yake. Ulikoma huko Desemba 1865, katiba ya nchi ilipokwisha kurekebishwa. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plessy, ilihalalisha kuwatenga Weusi kwa madai kwamba huduma zikiwa sawa basi hakuna aliyedhulumiwa, na mwaka 1904 Bunge la Kentucky likapitisha sheria ya kuwakataza Weusi na Weupe kusoma katika shule moja au chuo kimoja. Sheria hiyo ilikilenga Chuo cha Berea, kilichokuwa kikiwafundisha pamoja, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ikaiacha isimame. Ni katika miaka hiyohiyo ndipo Louisville ilipokuwa ikiijenga maktaba yake ya umma.

Hata hivyo mji huo ulitofautiana na miji mingi ya Kusini kwa jambo moja ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Weusi wa Kentucky hawakuwa wamenyang'anywa kura kama wenzao wa Mississippi au Alabama. Nguvu ya kura hiyo ilionekana wazi mwaka 1920, walipochangia kuliangusha pendekezo la mji kukopa fedha kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Louisville, kwa sababu chuo hicho hakikuwa na nafasi kwa watoto wao. Pendekezo jingine lilipopita mwaka 1925, lilipita likiwa na ahadi kwao, na mwaka 1931 chuo chao kilifunguliwa. Nayataja haya ili ieleweke kwamba maktaba ya Weusi haikudondoka kutoka katika wema wa mtu yeyote. Albert Ernest Meyzeek, mwalimu mkuu aliyejulikana mjini kwa ukaidi wake mbele ya dhuluma, aliona wanafunzi Weusi hawana vitabu vya kutosha, akaikabili bodi ya maktaba akidai huduma kwa ajili yao. Fedha za majengo zilitoka kwa Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, ambaye masharti yake yalikuwa yaleyale kila mji: mji utoe kiwanja, na kila mwaka utenge kwa uendeshaji fedha isiyopungua sehemu ya kumi ya msaada wake. Fedha ya uendeshaji ilikuwa kodi, na kodi ililipwa pia na Weusi. Dai la Meyzeek lilikuwa na mashiko.

Ndivyo lilivyozaliwa Tawi la Magharibi la Weusi, lililofunguliwa Septemba 1905 katika vyumba vitatu vya nyumba ya kupanga, nambari 1125 mtaa wa West Chestnut, likiwa na vitabu 1,400 hivi. Aliyekabidhiwa ni Thomas Fountain Blue, aliyekuwa na umri wa miaka 39.

Blue alizaliwa Farmville, Virginia, tarehe 6 Machi 1866, miezi michache tu baada ya utumwa kukoma, na wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Alihitimu Taasisi ya Hampton mwaka 1888, shule ya Weusi ya huko Virginia, ileile iliyomlea Booker T. Washington, kiongozi Mweusi mashuhuri, akasomea theolojia Richmond na kumaliza mwaka 1898. Mwaka uliofuata alihamia Louisville kusimamia tawi la YMCA, chama cha Kikristo cha vijana, lililokuwa la vijana Weusi. Hakuwa amesomea ukutubi. Alikuwa mtu aliyezoea kukusanya vijana, kuandaa mihadhara, kuweka hesabu za chama na kukaa na wazee wa kanisa mpaka jambo likubalike. Kwa maoni yangu waliomchagua walipata sifa walizozihitaji. Ufundi wa kuorodhesha vitabu mtu hujifunza kazini, lakini kuaminiwa na mtaa mzima ni jambo la miaka, naye tayari alikuwa nalo.

Hapa nigusie ule mstari mmoja uliokukera, maana nao unahitaji kurekebishwa. Ukisema "wa kwanza" bila kufafanua, unawafuta wengine. Edward Christopher Williams alikuwa mkutubi Mweusi aliyepata mafunzo rasmi ya taaluma hii kabla ya Blue kuanza kazi, ila yeye aliongoza maktaba ya chuo kikuu, Western Reserve, kule Cleveland. Mji wa Galveston, Texas, nao ulifungua tawi la Weusi ndani ya shule yao ya sekondari mwaka huohuo wa 1905, na Charlotte, North Carolina, ilikuwa na maktaba yake ya Weusi wakati huohuo. Kilichoifanya Louisville iwe mfano ni kwamba tawi lake lilikuwa na wafanyakazi Weusi watupu, lilikuwa sehemu kamili ya mfumo wa maktaba ya mji, na lilijengewa jumba lake lenyewe kwa fedha za Carnegie, jumba lililofunguliwa Oktoba 1908 kwenye makutano ya mitaa ya Tenth na Chestnut. Blue aliongoza hayo yote kwa miaka 30 mfululizo, na katika kazi ya maktaba muda huo ni hoja yenye uzito kuliko neno "kwanza".

Mwanzoni alikuwa na wasaidizi wawili, Rachel Davis Harris na Elizabeth Finney. Harris, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia maktaba, ndiye aliyeshika kazi ya watoto, nami ningependa jina lake litajwe kila linapotajwa la Blue, kwa kuwa sehemu kubwa ya uhai wa tawi hilo ilitoka mikononi mwake. Wavulana wa sekondari walikuwa na klabu ya mdahalo iliyopewa jina la Frederick Douglass, Mweusi aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, wasichana wakawa na klabu ya fasihi iliyopewa jina la mshairi Paul Laurence Dunbar. Joseph Seamon Cotter, mshairi na mwalimu wa hapohapo Louisville, alianzisha mashindano ya kusimulia hadithi na kutoa kikombe kwa mshindi. Sisi tuliokulia penye "Paukwa! Pakawa!" tunaelewa kilichokuwa kikifanyika pale: mtoto ambaye shuleni alisomeshwa vitabu visivyomtaja alisimama mbele ya watu wake akasimulia kwa sauti yake, ndani ya jengo la umma.

Jumba la 1908 lilikuwa na vyumba vya kusomea, vya mihadhara na vya madarasa, na Blue hakuviacha vikae bure. Vikundi vya mtaa vilikutania humo, waalimu walifanyia humo mikutano yao, na yeye mwenyewe aliandika kwamba watu waliiona maktaba hiyo kuwa ni mali yao na kwamba iliweza kutumika kwa lolote lenye kuwafaa. Mwaka 1914 tawi la pili, la Mashariki, lilifunguliwa kwenye mitaa ya Hancock na Lampton, nalo likawa chini yake. Vitabu vilipelekwa pia madarasani na katika vituo vya azima vilivyowekwa karibu na watu, kwa wale waliokaa mbali na matawi yote mawili. Mwaka 1919 kazi hiyo yote ilikusanywa ikawa idara moja ya maktaba ya mji, na Blue akawa mkuu wake: mtu Mweusi mwenye idara, wafanyakazi na matawi, katika mji ambao miaka michache tu nyuma, mwaka 1914, ulikuwa umetunga sheria ndogo ya kumzuia Mweusi kuhamia mtaa wenye Weupe wengi. Sheria hiyo ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 1917, katika kesi inayosomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria wa Marekani.

Lakini kama ningeruhusiwa kukupa jambo moja tu la kumkumbuka nalo, nisingechagua majengo wala idadi ya vitabu. Ningechagua darasa.

Fikiria tatizo lililomkabili. Tawi linakua, wasomaji wanaongezeka, na wafanyakazi Weusi wenye mafunzo hawapo, kwa kuwa chuo cha ukutubi cha Kusini, kile kilichoanzishwa Atlanta mwaka 1905 kwa msaada wa Carnegie, hakikumpokea Mweusi. Vyuo vya Kaskazini vilikuwa mbali na ghali, na nafasi kwa Weusi zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Hivyo Blue akaanzisha mafunzo ya uanagenzi katika tawi lake mwenyewe. Mwombaji alifanyiwa mtihani; akifaulu, alifundishwa nadharia na kuwekwa kazini papo hapo, kwenye meza ya azima, kwenye rafu, kwenye chumba cha watoto, akijifunza kazi kwa kuifanya chini ya macho ya waliotangulia. Hapo mwanzo lengo lilikuwa kupata wafanyakazi wa Louisville. Muda si mrefu miji mingine ya Kusini iliyokuwa ikifungua matawi ya Weusi ikakabiliwa na tatizo lilelile, nayo ikaanza kuwatuma watu wake kwa Blue. Walitoka Houston, Birmingham, Atlanta, Memphis, Nashville na kwingineko, wakarudi makwao kuendesha matawi.

Tafadhali litulie jambo hilo kidogo, maana wewe mwenyewe uko katika kazi hii na unajua maana yake. Kwa zaidi ya miaka 10, mpaka Hampton ilipofungua chuo chake cha ukutubi mwaka 1925, karibu kila Mweusi wa Kusini aliyetaka kujifunza kuendesha maktaba ya umma alikuwa na mlango mmoja wa kugonga, nao ulikuwa ule wa mtaa wa Chestnut. Ni mtu asiyekuwa na cheti cha ukutubi aliyelifanya tawi la waliobaguliwa kuwa chuo cha eneo zima, na alifanya hivyo ndani ya bajeti ya tawi, akiwa na wateja wa kuhudumia siku hiyohiyo. Mkutubi yeyote aliyewahi kumfundisha mwanagenzi huku foleni ikimsubiri mezani atakuambia hiyo ni kazi ya namna gani.

Mwaka 1922 aliitwa Detroit, kwenye mkutano wa mwaka wa Chama cha Maktaba cha Marekani, akasoma makala kuhusu darasa lake. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye ratiba ya mkutano wa chama hicho, nacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1876. Kikao alichosomea kilihusu kazi ya maktaba kwa Weusi, na kiliongozwa na Ernestine Rose, mkutubi Mzungu wa tawi la mtaa wa 135 kule Harlem, New York, ambaye alikuwa ameanza kuajiri wakutubi Weusi katika tawi lake. Vikao vya namna hiyo havikudumu. Vilikoma baada ya mkutano wa mwaka uliofuata. Waliokuwamo walitofautiana kuhusu njia ya kufuata: wapo waliotaka matawi maalumu, na wapo walioona kwamba kila tawi maalumu lilikuwa ukuta mwingine unaojengwa. Unaona basi kwamba swali lako si geni. Liliulizwa mbele ya Blue mwenyewe, na wakutubi wenzake.

Sasa nilijibu. Ni kweli kwamba tawi la Blue liliwapa watawala wa miji ya Kusini kisingizio. Wageni walifika Louisville kuangalia namna mji unavyoweza kuwapa Weusi vitabu bila kuwafungulia maktaba kuu, na baadhi yao walirudi kwao wakafanya hivyohivyo, tena kwa unyonge zaidi, kwa chumba kimoja na vitabu vilivyochakaa. Ni kweli pia kwamba kanuni ile ya kesi ya Plessy, "sawa lakini mbali", haikuwa sawa hata siku moja: msomaji Mweusi wa Louisville hakuruhusiwa kusoma katika jengo kuu la mtaa wa York, lenye hazina kubwa kuliko matawi yote. Na Blue, pamoja na cheo chake, alibaki chini ya wakutubi wakuu Wazungu, kwanza William Yust na baadaye George Settle, na mafanikio yake yalitegemea kwa sehemu jinsi watu hao walivyokubali kumpa nafasi. Sioni faida ya kuyafunika haya ili apendeze.

Hata hivyo neno "kubariki" sikubaliani nalo. Anayeubariki utengano huridhika na mpaka aliowekewa, na kazi ya Blue kila mwaka ilisukuma mpaka huo: kutoka vyumba vitatu hadi jumba, kutoka tawi moja hadi mawili, kutoka kuajiriwa hadi kufundisha, kutoka kufundisha watu wa mji wake hadi watu wa majimbo mengine. Kigezo ninachokitumia mimi katika kumpima mkutubi aliyefanya kazi chini ya utawala wa ubaguzi ni hiki: alipoondoka, je, watu wake walibaki na uwezo ambao watawala hawakuweza kuurudisha nyuma? Kwa Blue jibu ni ndiyo. Jengo lingeweza kufungwa kwa kura ya bodi, lakini wanawake waliohitimu darasa lake na kuenea katika miji ya Kusini hakuna bodi ambayo ingewafanya wasijue walichokijua.

Kuhusu Nairobi, kuna uzi unaounganisha miji hii miwili, nao ni fedha. Carnegie alifariki mwaka 1919, lakini shirika alilolianzisha New York liliendelea kutoa misaada, na Maktaba ya McMillan ilikuwa miongoni mwa zilizonufaika nayo. Fedha za mfuko uleule hazikuamua zenyewe nani aingie. Waliokuwa na mamlaka mjini ndio walioamua. Louisville ilikuwa na Weusi wenye kura na akina Meyzeek wa kuibana bodi, na kwa hiyo fedha hiyo ilijenga pia jengo la watu wao, ingawa kando. Nairobi ya 1931 Mwafrika hakuwa na kura, na mlango ule ulibaki wa Wazungu hata karibu na uhuru. Ndiyo maana ukilinganisha habari hizi mbili usianzie kwa wakutubi. Anzia kwa wapiga kura.

Machi 1927 wakutubi Weusi walikutana Hampton katika mkutano wao wenyewe, na Blue alikuwa mmoja wa waliouandaa. Alifariki Louisville tarehe 10 Novemba 1935, akiwa bado kazini. Nafasi yake ilichukuliwa na Rachel Harris, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amekwenda Lynchburg, Virginia, kuanzisha maktaba ya Weusi kule. Mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Blue, Chama cha Maktaba kilifanya mkutano wake Richmond, mji aliosomea theolojia, na wajumbe Weusi wakatengwa: hawakuruhusiwa kula na wenzao wala kuketi watakapo ukumbini. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba chama kilibadili msimamo wake kuhusu mahali pa kufanyia mikutano. Katika mji wa Louisville wenyewe jengo kuu lilianza kuwapokea Weusi mwaka 1948, na kufikia 1952 mfumo mzima ulikuwa umefunguliwa. Chama cha Maktaba kilipitisha azimio la kumtambua Blue mwaka 2003.

Jumba la mtaa wa Chestnut lingali maktaba hadi leo, na mwaka 2001 mwanamuziki Prince aliipa dola 12,000 bila kutaka kutangazwa. Karatasi za Blue zimehifadhiwa humohumo, pamoja na kumbukumbu za darasa lake. Ukitaka kumjua zaidi ya ule mstari mmoja, waandikie wakutubi wa tawi hilo, Western Library, uwaeleze kwamba wewe ni mwenzao wa Nairobi, uombe hasa karatasi za mafunzo.